Mikanda Ishirini ya Lubanda

Nimeitwa mwizi mara moja tu maishani, na walioniita ni watu niliowapiga picha za kipaimara, za harusi na za misiba kwa miaka kumi na mmoja. Sijawasamehe. Watu huniambia, Mama Robi, yaliyopita si ndwele. Mimi huwajibu kwamba yamepita kwao.

Jina langu ni Bhoke, na nilikuwa mpiga picha wa Lubanda, kitongoji kilichokuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Rwamgasa, wilayani Geita. Nasema kilichokuwa. Mwaka 1999 mradi wa dhahabu ulitangaza kwamba unalihitaji eneo letu lote, kuanzia kisimani hadi makaburini, na kwamba kila kaya italipwa fidia baada ya nyumba yake kuthaminiwa. Wathamini wangekuja mwezi wa tisa. Tulikwisha kusikia kutoka vitongoji vya jirani jinsi nyumba ya bati inavyoingia kwenye daftari na kutoka ikiwa kibanda cha nyasi. Mwenye nyumba akienda kulalamika anaulizwa ushahidi wake uko wapi, na wakati huo nyumba imekwisha sukumwa na tingatinga.

Ndipo kikao cha kitongoji kikaamua kila kaya ichange shilingi elfu tatu tununue kamera, ili nyumba zetu tuzipige picha sisi wenyewe kabla ya wathamini kufika. Kaya zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Kamera yangu ilikuwa imezeeka, shata ya kufungulia mwanga inakwama, katika picha tatu moja inatoka nyeusi tii. Ilipatikana laki sita na arobaini na mbili elfu, na fedha zote akakabidhiwa Athanas, katibu wetu, azibebe kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Athanas hakuwa mwizi. Laiti angekuwa mwizi, ningejua pa kumshika. Alikuwa mtu wa kidato cha nne aliyependa kitu chochote chenye vitufe. Siku ya kikao alisimama akasema siku hizi kuna kamera ya dijitali, haina mkanda, ukipiga tu unajiona papo hapo kwenye kioo kidogo mgongoni mwake. Watu wakapiga makofi. Mzee Nkwabi, mwenyekiti, akaamuru iandikwe kwenye muhtasari: kamera ya dijitali. Nikamuuliza Athanas ameiona wapi. Akasema kwa Herman, bwana mmoja wa timu ya wathamini aliyekuja kukagua njia, na Herman huyo huyo amemwelekeza duka linakouzwa, kwa Rajnikant, Shinyanga mjini.

Hapo ningepaswa kupiga kelele. Sikupiga. Nitasema ukweli wangu: nami niliitamani.

Tulipanda basi hadi Kahama, tukalala, asubuhi tukapita Isaka penye malori ya mizigo ya nchi jirani, na saa nne tulikuwa dukani kwa Rajnikant. Lilikuwa duka la redio, cherehani na saa za ukutani, na nyuma yake kulikuwa na chumba cha kusafishia picha ambako mkewe, Savita, ndiye aliyefanya kazi.

“Karibu bwana, karibu,” Rajnikant alimwambia Athanas. Kisha akanionyesha mimi kigoda. “Mama apumzike.”

“Mpiga picha ni mimi,” nikasema.

Akacheka kwa adabu, akaendelea kumweleza Athanas. Athanas naye akaendelea kusikiliza, mikono nyuma, anatikisa kichwa kama mkaguzi wa shule. Nimepiga picha tangu yeye hajaota ndevu, lakini pale dukani nilikuwa mzigo alioubeba kutoka Geita. Nikakiacha kigoda chao, nikasimama.

Mtoto wao, Vipul, mwanamume wa miaka thelathini hivi aliyetoka Dubai na maboksi manne ya kamera hizo, akafungua moja. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha, nyepesi kama kopo tupu. Laki tano na ishirini, pamoja na kadi moja ya kuhifadhi picha na chaja ya betri. Kadi ya pili elfu themanini. Mkoba wa ngozi elfu arobaini na mbili. Athanas akajumlisha kwenye kiganja, uso ukamng'aa.

“Laki sita na arobaini na mbili kamili, Mama Robi! Kama vile tumepimiwa!”

Kama vile tumepimiwa. Mpaka leo sijui kama kuna aliyempa Vipul hesabu ya mfuko wetu kabla hatujaingia. Sitamsingizia mtu. Lakini bei ya kitu haikutani na fedha yako namna hiyo ila kwenye mahubiri.

Nikaomba niijaribu. Nikampiga Athanas akiwa ameegemea cherehani, na Vipul akageuza kamera. Athanas akajiona.

“Ndiye mimi!” akapiga kelele. “Ona, hata kalamu mfukoni inaonekana!”

Nikaendelea kupiga. Nikapiga saa za ukutani, mlango, Rajnikant, barabara. Ya kumi na tano ikakataa.

“Imejaa,” Vipul akasema. “Kwa picha nzuri kadi inabeba kumi na nne. Ukitaka nyingi unapunguza ubora. Au unafuta usizozitaka. Hivi.”

Akabonyeza mara mbili. Athanas na cherehani yake wakaondoka. Kioo kikaonyesha saa za ukutani.

“Amekwenda wapi?” nikauliza.

“Amefutika.”

“Negativu yake ya kuchapia tena iko wapi?”

“Haina negativu, dada. Ndiyo uzuri wake.”

Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia Athanas, umeona? Umefutwa na mtu anayetabasamu. Nyumba mia mbili na kumi na nne, kadi mbili za picha kumi na nne, na kila zikijaa tufute walio mbele ili walio nyuma wapate nafasi? Na betri tutachaji wapi, kwenye moto wa kuni?

“Usitutie aibu, Mama Robi,” Athanas akanong'ona. “Watu wa mradi wote wanatumia hizi.”

Kelele zangu zikamtoa Savita chumbani kwake, mikono inanuka dawa ya kusafishia picha. Akauliza picha zenyewe ni za nini. Nikamweleza habari yote ya fidia, na kwa mara ya kwanza tangu niingie duka lile mtu alinisikiliza mpaka mwisho.

“Huko kwenu kuna kompyuta?” akamuuliza Athanas. “Mtachapishia wapi?”

“Hilo limekwisha,” Athanas akajibu, tena kwa fahari. “Herman ameahidi kutuchapishia palepale ofisini kwao. Bure.”

Savita akanitazama. Nami nikamtazama. Nilianza kwa kucheka, maana ni jambo la kuchekesha, kisha nikaacha. Ushahidi wa kumshitaki fisi, tunampelekea fisi atutunzie! Nilimwambia Athanas maneno ambayo siwezi kuyaandika, na Rajnikant akafunga mlango wa duka nusu ili wapita njia wasisikie. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Athanas hakuelewa. Alisimama pale ananionea huruma, mwanamke wa zamani anayeogopa vitufe.

“Mama Vipul,” nikamwambia Savita, “una kamera ya mkanda?”

“Baba Vipul hapendi nizitoe, anasema zinaharibu soko la hizi mpya,” akasema, na palepale akamwendea mumewe kwa Kigujarati, maneno mafupi makali, mpaka mzee wa watu akajishughulisha na saa. Akarudi na kamera nyeusi ya chuma, iliyotumika, rangi imebanduka pembeni.

Hapo nilikuwa nyumbani. Nilifungua mgongo wake, nikaielekeza mlangoni, nikaibonyeza kwa kila kasi huku nikisikiliza. Shata ilikata safi, polepole ikaenda polepole, haraka ikaenda haraka. Nikaichungulia lenzi kwenye mwanga kama ina kuvu. Haikuwa nayo. Nikakwangua kwa ukucha sifongo ya pembeni inayozuia mwanga usipenye, nikaona ni mpya. Savita alisema ameibadilisha yeye mwenyewe.

Tukapatana kama watu wa kazi moja. Kamera na lenzi yake, laki mbili na sitini. Lenzi pana, laki moja na kumi, maana nyumba zetu zimebanana na huwezi kurudi nyuma ukaipata nyumba nzima bila kuingia jikoni kwa jirani. Flashi, elfu arobaini na tano. Mikanda ishirini ya picha thelathini na sita, elfu sabini. Kila nyumba picha tatu: mbele na mwenyewe akiwa amesimama, nyuma, na mazao au makaburi. Zilizobaki zingetosha kusafishia mikanda, kuchapa picha mbili mbili, na nauli. Mkoba wa ngozi sikuuchukua. Nilifunga vitu vyangu kwenye kitenge.

“Kikao kimeamua dijitali,” Athanas akasema, mkono juu ya koti.

“Basi zipige wewe. Mimi narudi Geita.”

Nikaenda hadi mlangoni. Nilikuwa nimedhamiria kweli. Athanas hajawahi kupiga picha hata ya mbuzi, naye alilijua hilo. Akatoa noti moja moja, ametoa mdomo kama mtoto aliyenyimwa sukari.

“Utawaambia wewe mwenyewe,” akasema.

Niliwaambia mimi mwenyewe. Watu walikuwa wamekusanyika kisimani, wengine wamevaa nguo za Jumapili ili wajione kwenye kioo. Nikafungua kitenge.

“Hii si ile ile yako?” mtu akauliza.

Nikaeleza habari za bei, za kufuta, negativu na kompyuta ya mradi. Nilieleza vibaya, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huongea kama anayewagombeza watoto. Kisha Mzee Nkwabi akamgeukia katibu wake.

“Athanas, imekuwaje?”

Athanas akatazama chini. “Mama Robi ndiye aliyechagua.”

Nusu ya ukweli ni mbaya kuliko uongo. Mtu wa nyuma akasema kamera chakavu namna ile haiwezi kuwa laki mbili na sitini, mwingine akasema mwizi, na neno likazunguka kisimani likamfikia kila mtu. Nilitoa risiti. Nani aliisoma? Mzee Nkwabi aliishika juu chini, akanirudishia.

“Mayu,” akaniambia, ndiyo mama kwa Kisukuma, kwa upole uliouma kuliko tusi, “tulikutuma maji, umetuletea ndoo.”

Nilipiga picha hata hivyo. Kwa siku tisa nilizunguka na kibao cheusi cha shule, naandika jina la mwenye nyumba kwa chaki, anakishika kifuani, nabonyeza. Wa kwanza kunikubali alikuwa Dorah, mjane mwenye nyumba ya vyumba vitatu jirani kabisa na Mzee Nkwabi. Alisimama mbele ya bati lake na mbuzi wake watano na kusema, “Piga, dada. Wakinidhulumu, wanidhulumu nikiwa nimeonekana.” Baada yake wakaja wengine. Nikafikisha nyumba mia moja thelathini na moja. Themanini na tatu walikataa katakata.

Mzee Nkwabi alikuwa wa kwanza wao. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa bora Lubanda nzima: matofali ya kuchoma, vyumba vinane, madirisha ya vioo, bati nene alilonunua kwa mavuno ya pamba ya miaka minne. Nilimwendea mara tatu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mayu. Mimi nitapigwa na Herman. Ya kwake unajiona.”

Mara ya tatu alinijibu akiwa ndani, bila kufungua mlango. Nilikuwa na picha saba zimebaki kwenye mkanda uliokuwa ndani ya kamera. Nilisimama barabarani mbele ya nyumba ile, jua liko mgongoni mwangu, mwanga mzuri ambao hauji mara mbili kwa siku. Barabara haikuwa yake. Ningeweza kupiga hata bila yeye. Nikasema moyoni, na akione cha moto, nikafunika lenzi, nikaenda zangu.

Wathamini walifika. Herman alikuwa kijana mtanashati, hodari wa salamu, na kila alipopiga aligeuza kamera watu wakajiona. Vilikuwa vicheko kitongoji kizima. Hata watu wangu mia moja thelathini na mmoja walipigwa, wakacheka, wengine wakanitazama kwa jicho la pembeni. Mzee Nkwabi alivaa suti akasimama mlangoni pake. Alipojiona alimshika Herman mkono kwa mikono yote miwili.

Tukahamishwa mwezi wa kumi na moja. Matingatinga yalimaliza Lubanda kwa siku nne. Orodha ya malipo ikabandikwa ofisi ya kata mwezi wa kumi na mbili, baada ya kuta kulala, kama ilivyokuwa kwingine.

Dorah aliandikwa kibanda cha udongo. Alikwenda mbele ya kamati ya malalamiko na picha zake, mimi nyuma yake na negativu kwenye bahasha. Ofisa aliinua mkanda dirishani, akatazama, akatazama picha, akasahihisha daftari. Tulikwenda hivyo kwa siku kumi na moja. Wapo waliokuwa wameandikwa sawa, lakini arobaini na wanane hawakuwa, na wote arobaini na wanane walisahihishwa. Hakuna hata mmoja aliyerudi kusema, Bhoke, tulikuita mwizi. Wabeja, wakasema, wakapokea bahasha zao. Asante haifuti tusi.

Wale themanini na tatu walipouliza picha za Herman, waliambiwa kadi zilijaa siku ile ya kwanza, ikabidi baadhi zifutwe kupisha nyingine. Aliyesema hivyo wala hakuona haya. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mvua ilinyesha.

Mzee Nkwabi alinijia Rwamgasa, kwenye chumba nilichopanga, adhuhuri ya jua kali. Suti ilikuwa ile ile, imejaa vumbi hadi magotini. Nilimwamkia, akaitika, akakaa kitini bila kukaribishwa.

“Wameniandika udongo, vyumba viwili,” akasema. “Nitafutie yangu.”

“Mzee, ulikataa.”

“Najua nilikataa. Lakini mimi nilijiona, Mama Robi. Nilijiona mle ndani kwa macho yangu haya. Nimesimama mlangoni, bati linang'aa. Kitu mtu alichokiona kinakwendaje?”

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimeyaandaa tangu siku ya kisimani, makali, nimeyanoa miezi minne. Nikatazama vumbi la suti yake, nikayaacha.

“Wewe ni mpiga picha,” akaendelea. “Hukupita hata siku moja ukapiga tu, hata kwa mbali?”

“Nilipita,” nikasema. “Picha saba zilikuwa zimebaki kwenye mkanda. Nilifunika lenzi.”

“Kwa nini?”

“Kwa hasira, mzee.”

Hakunitukana. Ningetaka anitukane. Aliomba tuangalie picha za Dorah, maana walipakana. Tukazitoa bahashani, tukazishika dirishani moja moja, mzee mzima amekodoa jicho kwenye vipande vya mkanda. Kwenye ile ya nyuma ya nyumba, juu ya zizi la mbuzi, pembeni kabisa, kilionekana kipande cha paa.

“Lile bati ni langu,” akasema.

Nilienda Geita mjini siku hiyo hiyo nikaikuza picha ile kwa fedha yangu, kubwa kuliko zote nilizowahi kuchapa. Kesho yake tukaipeleka kwenye kamati pamoja. Ofisa aliichukua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Alikuwa mtu mstaarabu, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

“Hili ni bati, nakubali,” akasema. “Lakini ni bati la nani?”

Mzee Nkwabi alinigeukia mimi, yule mwizi wa kisimani, nimjibie.